Makovu Midomoni mwa Ndama

Niliyaona makovu. Niliyagusa kwa kidole changu mwenyewe juu ya midomo ya ndama wa ngamia, mchana, nikiwa nimevaa miwani, katika nyika iliyo kando ya barabara iendayo Modogashe. Hilo ni langu na ninaweza kuliapia. Kuhusu mashine ya Nairobi inayopitisha seli za damu mojamoja mbele ya mwanga na kuzitambua, nimesimuliwa na mtu ninayemwamini, lakini sijaiona. Kuhusu yaliyosemwa mjini Garissa juu ya damu ya ndama hao inayopelekwa huko, kwamba inauzwa ng'ambo, kwamba inatengenezewa sumu, niliyasikia sokoni na kwa kinyozi, na kila aliyeyasema alikuwa ameyapokea kwa mwingine. Nimeishi vya kutosha kuchoshwa na maneno yasiyo na mwenyewe.

Nilikuwa afisa wa mifugo. Serikali iliponistaafisha, magoti yangu yalikuwa yamekwisha kutangulia. Binti wa marehemu ndugu yangu, aliyelelewa nyumbani kwangu, alifuata njia yangu kisha akanipita. Anasomea shahada ya juu katika chuo kikuu Nairobi, na anachokichunguza ni seli za kinga katika damu ya ngamia. Huniita adeer, kama mtoto amwitavyo ndugu wa baba yake, nami humwita adeer vilevile, kwa kuwa kwetu neno hilo huenda na kurudi.

Alinieleza kazi yake wakati mmoja tukila tende, na kwa kuwa nilimlazimisha aseme taratibu, nilimwelewa. Seli hizo huzaliwa ndani ya uboho wa mifupa. Baadhi yake hupelekwa kwenye tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, na huko hufunzwa kutomshambulia mwenyeji wao. Zinazofeli huuawa hukohuko. Zinazofaulu huingia katika damu zikiwa hazijakutana na adui yeyote, na siku zikikutana naye huzaana, hupigana, kisha chache hubaki zikimkumbuka. Mimi nilifundishwa kwamba seli za mstari wa mbele, zile zinazofika kwanza palipo na kidonda, hazikumbuki lolote. Siku hizi, asema, imebainika kwamba nazo hubaki na mazoea ya vita vilivyopita. Nilimwambia kuwa ni jambo la kuchosha kusoma maisha yote halafu kuambiwa uzeeni kwamba mwalimu wako hakujua.

"Hata wangu hajui, adeer," akasema. "Ila yeye bado hajastaafu."

Alitaka kufuatilia ndama tangu kuzaliwa, ndama ambao hawajawahi kukutana na ndui ya ngamia, aone seli zao zinavyokomaa zenyewe. Mwishoni angewachanja kwa sindano na kutazama seli hizo zikiamka. Ndama walipatikana kwa mtoto wa mjomba wangu, mfugaji asiyependa mji. Waliochaguliwa walihesabiwa kuwa wa binti mpaka kazi iishe, wakatiwa vibandiko vya njano masikioni. Nilikuwapo siku hiyo. Mfugaji aliambiwa mbele yangu asiwatie ndama hao dawa ya aina yoyote, akaitikia kwa kichwa.

"Mnawapa vitambulisho?" akauliza akitazama masikio yale. "Mimi nilisubiri changu mpaka ndevu zikaota mvi, nikahojiwa na kamati jina la babu wa babu yangu. Hawa wamezaliwa juzi."

Damu ya kwanza ilikwenda Nairobi ndani ya sanduku la barafu, na hapakuwa na tatizo. Damu ya pili ndiyo iliyoleta msiba.

Binti alirudi Garissa bila kunipigia simu. Alikaa sebuleni na viatu vyake mguuni, jambo ambalo hajalifanya tangu utotoni, akaniambia kwamba mkufunzi wake anadai amechanganya chupa. Katika damu ya pili ndama wote wa vibandiko walikuwa na seli zinazoikumbuka ndui, kana kwamba waliwahi kuugua na kupona. Dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, humpa ndama kingamwili za kuazima, akaeleza, lakini seli zenye kumbukumbu namna ile hazitoki kwenye maziwa. Mkufunzi aliona maelezo ni haya tu: mwanafunzi ametia damu ya ngamia wakubwa katika chupa za ndama.

"Amesema nikikiri, tutaanza upya na ndama wengine, na jambo litaisha," akasema. "Nikikataa, hana nafasi ya mtu asiyeliona kosa lake."

"Ulichanganya?"

"Hapana, adeer."

"Ulimtoa damu ngamia mkubwa hata mmoja siku ile?"

"Hapana."

"Basi huna la kukiri."

"Na nafasi yangu?"

Nilinyanyuka nikaenda kumwomba jirani gari, tukawaone ndama wenyewe. Kumwambia kijana aushike ukweli ni rahisi kwa mzee ambaye pensheni yake haitegemei ukweli huo.

Tuliondoka baada ya swala ya alfajiri kwa gari la jirani. Sitaieleza barabara ile. Aliyeipita anaijua, na mgongo wangu hauhitaji kukumbushwa. Tuliwakuta ngamia karibu na kichuguu kikubwa, na jambo la kwanza nililoliona ni kwamba ndama wasio na vibandiko walikuwa wagonjwa. Midomo yao ilikuwa imevimba na kujaa malengelenge, na upele ulikuwa umepanda mpaka kwenye kope. Mmoja alijaribu kunyonya akaacha. Ndama wa vibandiko vya njano walikuwa wakitafuna majani ya mgunga kana kwamba ndui haikuwahi kupita hapo.

Mfugaji alitusalimu kwa kirefu, akatuuliza habari za mji, za watu wa mji, na za mvua ya mji, kisha akatuletea maziwa. Nilikunywa. Baadaye nikamwomba amshike ndama mmoja mwenye kibandiko. Nikapitisha kidole juu ya mdomo wa juu, nikakuta mkwaruzo uliopona, mwembamba, ulionyooka. Mwiba unaomchoma mnyama akila haukwaruzi kwa mstari ulionyooka. Nikaomba ndama wa pili, kisha wa tatu. Magoti yaliniuma kwa kuinama, lakini sikusimama mpaka nilipowamaliza wote. Kila mmoja alikuwa na kovu, na mahali ni palepale.

Nilimwona marehemu baba yangu akifanya kazi hiyo. Ndui inaposikika kisimani, huchukuliwa magamba ya upele wa ngamia mgonjwa, yakasagwa ndani ya maziwa, mdomo wa ndama ukakwaruzwa kwa mwiba na kupakwa. Huugua kidogo, kisha ndui ikija haimpati. Nimeona ikiokoa kundi zima. Nimeiona pia ikiua.

"Ina abti," nikamwambia, kwa kuwa kwetu mtoto wa mjomba huitwa hivyo, "umewachanja ndama wa huyu binti."

Akatazama ngamia wake. "Nimewachanja."

"Ulisikia alivyokuambia?"

"Nilisikia. Mimi si kiziwi, ni masikini tu." Akamgeukia binti. "Ndui ilikuwa kisimani. Magamba niliyopata yalijaa kiganja. Ningefanyaje? Wako ni amana. Mnyama wa mgeni akifia mkononi mwangu, nitamtazamaje huyu mzee wako msibani?"

"Na wako?" binti akauliza.

"Wangu ni wangu. Magamba hayakutosha."

"Mbona hukuniambia?"

"Amana haitangazwi hatari ikiwa bado ipo njiani. Jicho ni baya. Ningekuambia mvua ikinyesha, ndama wakiwa wameshapona, tukacheka." Akaongeza kwa sauti ya chini kwamba ndama mmoja wa vibandiko, yule aliyemwambia binti siku ya damu ya pili kwamba yuko malishoni, hakupona. Chanjo yake mwenyewe ilimuua. Alikuwa amekihifadhi kibandiko katika kitambaa. Akakitoa, akampa binti kwa mikono miwili.

Binti alikaa chini, kibandiko kiganjani. Najua alichokuwa akikipima, kwa sababu nami nilikuwa nikikipima. Uchunguzi aliouanza haukuwapo tena, uliharibiwa na heshima. Kukiri kosa asilolifanya kungempa ndama wengine na nafasi yake. Kusema yaliyotokea kungemfanya aonekane mtu anayetafuta kisingizio porini, tena kisingizio chenye mashahidi wawili ambao wote ni jamaa zake.

"Adeer, utanishuhudia?" akaniuliza hatimaye.

"Nitayashuhudia makovu. Kilichotiwa ndani yake sikukiona. Atakushuhudia aliyekitia."

Simu haishiki mahali pale isipokuwa juu ya kichuguu. Binti alipanda, nami nikabaki chini. Alizungumza na mkufunzi wake kwa Kiingereza, haraka, akitaja makovu, magamba na maziwa. Halafu akasikiliza, na uso wake ukawa kama wa mtu anayesomewa hukumu. Akashusha mkono, akamwita mfugaji. Mfugaji akapanda, akaishika simu mbali na sikio kama kitu kinachoweza kuuma, akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni:

"Brofesa, salaam aleikum. Hii msichana hana makosa. Mimi ndio nachanja. Hii ngamia ni yangu, mdomo yake nakwaruza na miiba. Ukitaka, kuja wewe, nitakukwaruza hata wewe."

Akamrudishia simu. "Amecheka," akatuambia. "Au amekohoa. Mtu wa Nairobi humjui."

Mimi sikukisikia kicheko wala kikohozi, na sitasema kilikuwa kipi. Binti alisikiliza tena, akajibu "ndiyo" mara kadhaa, akashuka.

"Amesemaje?"

"Amesema nimpelekee damu nyingine. Ya waliochanjwa na ya wagonjwa. Na picha za makovu." Akafuta vumbi usoni. "Nafasi yangu hajaitaja, adeer. Nilimngoja aitaje."

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui."

Tulitoa damu mpaka alasiri. Mfugaji aliwashika shingo, mimi nilishika kamba, na binti alitafuta mshipa. Ndama wagonjwa walilia, na sauti yao ilimchosha kila mtu, hata mama zao. Mfugaji hakusema lolote juu ya ndama wake wenye malengelenge, ingawa wawili wao nisingewapa matumaini kama ningeulizwa. Sikuulizwa.

Nimeambiwa mengi tangu siku hiyo. Nimeambiwa kwamba mkufunzi aliyaonyesha matokeo hayo kwa wenzake, na kwamba baadhi yao hawakuyaamini. Nimeambiwa kwamba binti ataruhusiwa kuandika juu ya chanjo ile ya magamba badala ya kazi yake ya awali, na mwingine ameniambia kwamba hataruhusiwa. Yeye mwenyewe, nikimuuliza kwa simu, husema bado wanasubiri. Siliandiki lolote kati ya hayo kama jambo lililotokea.

Nitakaloliandika ni hili. Tulirudi Garissa jua likizama, nikaketi naye katika ofisi ya mabasi akipanga chupa ndani ya sanduku la barafu. Kila chupa aliibandika karatasi yake. Nilimwomba moja nikaisogeza karibu na miwani yangu. Palikuwa na namba ya ndama, na chini yake, kwa mwandiko wake uleule wa shule niliokuwa nikiukaripia, aliandika kwamba mnyama huyu amechanjwa na mfugaji kwa magamba ya ndui. Nikamrudishia. Akafunga sanduku kwa kamba, kondakta akalichukua, akaliweka chini ya kiti cha mbele, na basi likaondoka.