Safu Mbili za Dufu Masikioni mwa Mutasim

Sogeeni, jamani, nafasi ipo, niwape habari za Mutasim wa Chumbageni: muuza vitambaa, mzaliwa wa Pangani, na bingwa wa gemu la ngumi la kwenye runinga mpaka macho yake yalipozima.

Kila Ijumaa baada ya swala alicheza na shemeji yake Jaku, Mpemba wa maneno mengi, kaka wa mkewe Khairat. Walianza wakiwa vijana, wakaota mvi na pedi za kuchezea mikononi. Kisha ugonjwa wa macho ukamla Mutasim nuru kidogo kidogo hata akabaki gizani. Jaku hakuacha kuja, ila sasa alikuwa akimwachia shemeji yake ashinde, na Mutasim hakuwa mjinga. Siku moja akaiweka pedi mezani, akasema hachezi tena. Nyumba ikapoa. Khairat alizoea mume wa kelele. Huyu wa kukaa kimya barazani hakumjua.

Ndipo Nada, binti wa jirani, akamwambia kuwa wako vipofu wanaolicheza gemu hilohilo kwa masikio tu. Kila hatua ya mpinzani ina sauti yake, na hedifoni nzuri humwambia mtu imetoka upande gani. Khairat hakusadiki, lakini akaenda dukani kwa Rafaeli, muuza vyombo vya sauti.

Sasa, sisi watu wa Tanga chombo cha sauti tunakipima kwa besi. Kikitikisa kifua kama spika za harusini, basi ni kizuri. Khairat akachukua hedifoni kubwa zenye mataa, zinazodunda kweli. Mutasim alizivaa kwa kumridhisha, akacheza na mashine yenyewe, ikampiga, akazivua. Akasema ngumi zote zinalia ndani ya pipa. Khairat akamwomba jambo moja tu: twende ukachague mwenyewe.

Rafaeli akamwamkia shikamoo. Mutasim akaitikia, kisha akamwuliza, "Mwanangu, una maulidi ya dufu kwenye simu yako?"

Rafaeli, Msambaa wa watu, hakuwa nayo, lakini akaitafuta. Maana Mutasim alikulia kwenye dufu kule Pangani, safu mbili zikielekeana, naye alijua kwa sikio nani kakosea pigo na kakaa safu ipi. Akajaribishwa za kwanza, akatikisa kichwa. Za bila waya Rafaeli mwenyewe alizirudisha: za bei ndogo sauti huchelewa kufika, na ngumi haisubiri. Mwisho zikaja nyeusi, za waya, hazina hata taa.

Mutasim akatulia. Mkono wa kulia ukainuka polepole, ukafuata wa kushoto.

"Safu zimekaa," alisema. "Khairat, kule wanaanza, huku wanaitikia."

Khairat naye akazivaa. Ndani ya kiduka kile kulijaa watu kulia na kushoto, hata akageuza shingo kuwatazama.

Ijumaa Jaku akaja, akaanza kwa upole wake ule wa kuudhi. Akala ngumi. Akamrusha mpiganaji wake juu ya kichwa cha yule wa Mutasim, amtokee nyuma. Kabla hajatua vizuri, Mutasim kashageuka, kampokea. Jaku akapunga mkono mbele ya uso wa shemeji yake. Macho hayakutikisika.

"Shemeji, unaniona?"

"Sikuoni. Viatu vyako ndivyo vinavyokusengenya."

Jaku akakunja mikono ya kanzu, akasogeza kiti, akacheza kama alivyokuwa akicheza zamani, bila huruma, jasho likimtoka. Raundi ya mwisho akamwangusha Mutasim chini kabisa.

Khairat alikuwa mlangoni na sinia la chai. Subhana Allah, alisema moyoni. Mumewe kashindwa, kashindwa kwelikweli, na anacheka mpaka hedifoni zinamteleza.

"Tena," alisema Mutasim, akizirudisha masikioni. "Na ole wako unihurumie, Mpemba wee."