Nyosha Mikono, Fundi

Wifi yangu hasahau. Ukimkanyaga kidole leo, atakuchekea, atakukaribisha chai, halafu siku umevaa viatu vipya ndipo atakapokukanyaga yeye. Nimeolewa na kaka yake miaka thelathini na miwili, na bado ananikumbusha bakuli nililolipasua wiki ya arusi.

Kazi yake ni fundi wa baiskeli. Ana kibanda cha mabati penye kona, na watu wanamwita Spoku, kama zile nyaya za gurudumu la baiskeli, kwa sababu ni mwembamba, amenyooka, na ukimgonga analia muda mrefu.

Baba yao, yaani mkwe wangu, alikuwa dereva tangu ujana. Aliwaendesha wakubwa wa kila namna, na hakuna hata mmoja aliyemwagikiwa chai akiwa kiti cha nyuma. Alipostaafu akanunua gari lake mwenyewe. Lilikuwa la zamani hata siku hiyo: rangi ya maziwa, taa za mbele za mviringo kama macho ya mtu aliyefumaniwa, na springi za mbele za vyuma bapa vilivyolaliana. Sisi watoto na wakwe alitupenda. Gari lile alilipenda zaidi, wala hakuficha.

Siku moja springi zikavunjika. Mzee akalipeleka gari kwa Bingwa.

Bingwa ndiye aliyekuwa na gereji kubwa, mkabala na kibanda cha Mama Chai. Alivaa shati jeupe kazini, ili watu waone kwamba yeye uchafu unamwogopa. Na alikuwa na mtindo wake: kila nati aliyoikaza kwa mkono wake aliipaka tone la rangi nyekundu. "Ukiona nyekundu, usiguse," alikuwa akisema. "Hiyo ni sahihi yangu."

Akabadilisha springi, akapaka matone yake, gari likarudi nyumbani. Mitaani lilikwenda kwa adabu kama bibi arusi. Lakini lilipofika barabara kuu, mshale wa mwendo ukivuka sabini, likawa halina kwao. Unanyoosha usukani, lenyewe linakwenda kulia. Unalirudisha, linapitiliza kushoto. Mzee anapigana nalo kama anayekamata kuku. Siku moja tulitoka kwenda mazishini, likayumba, likaingia njia nyingine, tukajikuta arusini. Tulikula, tukacheza, hatukuulizwa na mtu. Sisemi uongo, nilirudi na kitambaa cha meza mkobani.

Mzee akarudi gereji. Nami nilikuwepo, nimekaa kwa Mama Chai. Bingwa akaingia garini, akazunguka mtaa mmoja polepole, akarudi, akashuka akijifuta vumbi lisilokuwepo.

"Gari limenyooka kama rula," akasema, kwa sauti ya kuwafikia wote waliokuwa na vikombe. "Mzee, hebu nyosha mikono."

Mzee, kwa heshima, akanyosha. Mikono ya mtu wa miaka sabini na minane. Ikatetemeka.

"Mnaona?" Bingwa akawageukia watu. "Usukani ni mzima. Ugonjwa uko hapa. Mzee wetu, niuzie hilo gari ukapumzike, kabla hujatuletea msiba."

Watu wakacheka. Si wote, lakini wakatosha. Mume wangu alikuwepo pia, akaona haya, akachukua ufunguo mkononi mwa baba yake mbele ya kadamnasi. Mchana ule ule akauficha ndani ya pipa langu la unga, akidhani sikumwona.

Mzee hakugomba. Alikwenda akageuza kiti chake, akakielekeza ukutani ili asilione gari uani. Akaacha kunyoa ndevu. Ukimsalimia anaitikia ukuta. Wiki ya pili akaacha kumaliza chakula, na mume wangu akaanza kuzungumza na Bingwa habari za kuliuza.

Spoku habari zilimkuta kibandani. Alikuwa akikaza rimu ya mteja. Akaikaza mpaka spoku tatu zikakatika, ti, ti, ti.

"Wifi," akaniambia, "baba ameendesha tangu mimi sijazaliwa. Leo mtu wa shati jeupe anamnyosha mikono kama mtoto anayekaguliwa kucha?"

"Wewe ni fundi wa baiskeli," nikamwambia. "Magurudumu mawili."

"Basi nitakwenda mara mbili."

Jumapili tatu alilala chini ya gari lile. Akainua gurudumu kwa jeki, akalitikisa juu na chini: beringi nzima. Akashika vyuma vinavyotoka kwenye usukani kimoja kimoja: hakuna kilicholegea. Akapima upepo wa matairi, akapima kwa uzi kama magurudumu yanatazamana sawa. Yalikuwa sawa. Kila jioni alitoka mweusi kama sufuria, na kila jioni mume wangu alimwambia, "Dada, acha. Ni uzee tu." Naye alimtazama kaka yake kwa jicho ambalo mimi ningelipewa ningehama nyumba.

Jumatatu iliyofuata akaja muuza mikate kibandani, anakokota baiskeli.

"Imerogwa," akasema. "Zamani nilikuwa naachia mikono yote miwili nikipanga mikate, inakwenda yenyewe. Tangu nilipogonga ule ukuta, nikipumua tu inahama."

Spoku akaitazama kwa ubavu. Pigo lilikuwa limekunja fremu, na ile shingo inayobeba usukani, ambayo siku zote hulala nyuma kidogo kumwelekea mpandaji, sasa ilisimama wima kama askari wa gwaride. Hiyo kila fundi wa baiskeli anaijua: shingo ikilala nyuma, gurudumu hujirudisha lenyewe katikati. Ikisimama wima, au ikiinama mbele, gurudumu halijui nyumbani ni wapi.

Akaigonga ile shingo kwa spana. Halafu akacheka mpaka muuza mikate akajikagua suruali.

"Baiskeli yako nitainyoosha bure," akamwambia, "lakini nisubiri."

Akaja mbio kwetu, uzi mkononi, nati imefungwa mwishoni. Akauning'iniza pembeni ya gurudumu la mbele la gari, palipo na ile pini ambayo gurudumu huzungukia likikata kona. Uzi ulisimama wima. Pini ilikuwa imeinama mbele, kama mwanamke anayechungulia ya jirani. Upande wa pili vilevile. Akaingia chini, nikamsikia akisema, "Aha!"

Niliinama kadiri mgongo ulivyoruhusu. Kati ya springi na ekseli, kile chuma kinachobeba magurudumu, palikuwa na kabari ya chuma, upande mmoja nene, mwingine nyembamba. Kazi yake ni kuilaza ekseli nyuma kidogo. Sehemu nene inatakiwa itazame nyuma ya gari. Ilikuwa inatazama mbele. Zote mbili. Na juu ya kila nati iliyozibana, tone la rangi nyekundu, halijapasuka hata ufa.

"Zigeuze basi!" nikamwambia. "Tumalize."

"Nimalize nini? Nikizigeuza sasa, kesho atasema gari lilikuwa zima tangu mwanzo." Akajifuta pua, akajipaka masizi. "Wifi, ufunguo uko wapi?"

"Mimi nitajuaje mambo ya mume wangu?"

"Una unga mpaka kiwikoni."

Nikampa. Mpaka leo mume wangu anaamini ulichukuliwa na panya.

Asubuhi yake Spoku akaoga maji ya manukato, akavaa gauni la kutokea, akalileta gari polepole kwa Mama Chai, akashuka mpole kama anayeomba chumvi. Mimi nyuma, nimebeba mkoba. Mume wangu naye alikuwepo na kikombe chake. Na Bingwa, na shati lake.

"Fundi, shikamoo," akasema Spoku, ingawa wamelingana umri. "Familia tumekubali kuuza. Ila moyo wangu hautulii. Ile kazi ya springi uliifanya mwenyewe, au uliwaachia wasaidizi?"

"Mimi? Niwaachie wasaidizi?" Bingwa akaweka kikombe chini. "Kila nati pale chini ni nyekundu. Hakuna mkono mwingine uliogusa."

"Wote mmesikia," Spoku akawaambia wenye vikombe. "Sasa fundi, kwa kuwa gari ni zima na ugonjwa ni wa baba, tuendeshe wewe barabara kuu. Mwendo wa tisini tu. Likinyooka, ufunguo ni wako leo leo."

"Hata mia," akasema Bingwa.

"Tisini inatosha. Nina watoto."

Tukaingia. Mama Chai alikaa mbele awe shahidi, kwa sababu mtu anayewajua wote na kuwadharau wote kwa usawa hapatikani kirahisi. Nyuma tulikuwa mimi, Spoku, na mume wangu katikati kama soseji. Spoku alichagua saa ambayo barabara ile haina mtu, pale inaponyooka kutoka kituo cha mafuta. Mzee tulikuwa tumetangulia kumwacha pale kituoni kwenye benchi, mkongojo magotini. Nilimdanganya tunakwenda hospitali.

Hamsini, Bingwa anapiga mluzi. Sitini, anatusimulia magari aliyoyafufua. Sabini, mluzi ukakata.

"Mbona kimya, fundi?" akauliza Spoku.

Themanini. Gari likaenda kulia. Bingwa akalirudisha, likaenda kushoto kama linamtafuta mtu lililomwacha huko. Akavuta, likapitiliza. Jasho likamtoka mpaka shati jeupe likaonyesha fulana, na fulana ilikuwa na matundu.

"Upepo!" akapiga kelele. "Ni upepo huu!"

Mama Chai akatoa kitambaa cha kichwani, akakiinua dirishani. Kikaning'inia kama ulimi wa ng'ombe aliyelala. "Upepo upi, baba?"

"Tisini bado," akasema Spoku, taratibu, kama anayehesabu mishono. "Ongeza."

"Dada, mnataka kuniua?"

"Siyo wewe uliyesema limenyooka kama rula?"

Mume wangu alikuwa ameshika goti langu na goti la dada yake, anamwita mama yake aliyekwishafariki. Hatukufika tisini. Bingwa alipunguza mwendo, akageuza, akaturudisha kituoni kwa mwendo wa jeneza. Aliposhuka, wauza mafuta na madereva walikuwa wamesimama wanatazama, maana walitangulia kuambiwa. Nani aliwaambia, mniwie radhi, mdomo wangu ni mpana.

Spoku akamsimamia mbele.

"Nyosha mikono, fundi."

"Dada, tuongee pembeni..."

"Baba yangu hukumwita pembeni. Nyosha."

Akanyosha. Ilitetemeka, wallahi, mpaka saa yake ikalia. Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Sasa ingia chini," akasema Spoku, "uwaonyeshe watu zile kabari zinatazama wapi. Aliyefunga ndiye afungue."

Alilala kwenye oili na lile shati. Spoku alipiga jeki mwenyewe, akampa spana moja baada ya nyingine, akakataa kumpa kipande cha boksi cha kulalia. Matone mekundu yalipasuka mbele ya macho ya wote. Ilichukua karibu saa mbili. Mzee aliinuka benchini, akasogea hatua kwa hatua, akasimama juu ya ile miguu iliyojitokeza chini ya gari lake.

"Ni nani huyo?" akauliza.

"Ni fundi wako, baba," nikamjibu. "Anasahihisha sahihi."

Kazi ilipokwisha, Spoku akamnyoshea baba yake ufunguo. Bado ulikuwa na unga. Mzee akaupuliza, akanitazama mimi, akauingiza mahali pake. Akataka Bingwa akae karibu naye. Sisi tukabanana nyuma.

Tisini. Mikono ya mzee ilitetemeka, nisiseme uongo kwa hilo. Ilitetemeka juu ya usukani kama jani. Na gari lilikwenda limenyooka kama uzi wa timazi. Alipofika katikati ya ile sehemu iliyonyooka, akaachia kidole kimoja, kisha mkono mmoja, kisha yote miwili, akaiweka mapajani. Usukani ukabaki umetulia.

"Mwanangu," akamwambia Bingwa, bila hata kugeuka, "unaona nini?"

Bingwa akaitazama ile mikono mapajani. "Naona mikono, mzee."

"Na gari?"

"Limenyooka."

"Sema tena. Mama Chai hasikii vizuri."

Mama Chai anasikia hata chungu akipiga chafya. Lakini Bingwa alisema tena.

Jioni ile mzee alinyoa ndevu, akageuza kiti kikatazama dirisha. Ufunguo ameufunga kwenye kamba ya suruali. Mwanawe wa kiume hapewi lifti, kila akiomba anaambiwa, "Nyosha mikono kwanza." Mume wangu hunyosha, huambiwa haikunyooka vizuri, huenda kwa miguu.

Na kila asubuhi, saa ya chai, gari la rangi ya maziwa hupita polepole mbele ya gereji, likapiga honi mara tatu, mpaka Bingwa atoke mlangoni, mbele ya vikombe vyote, ainue mikono yake miwili juu. Nilimwambia Spoku, sasa imetosha, mwezi wa nne huu.

"Bado," akasema. "Leo aliinua mmoja tu."