Herufi ya Jirani

Siku hizi mjukuu wangu anafuatisha herufi kwa kidole kwenye simu, na akipatia, simu inamwimbia. Mimi nilifundisha kwa nukta. Pale Kitengela, kwenye darasa la mabati, jioni nilikuwa natia nukta kwenye vitabu vya watoto mpaka vidole vinakufa ganzi, na asubuhi wao wanaziunganisha huku wakipiga kelele kama soko. Kelele zile nilizichukia wakati huo. Sasa nazitamani.

Kulikuwa na msichana mmoja wa familia ya wafugaji, mrefu kuliko wenzake kwa sababu alichelewa kuanza shule. Alikuwa amesharudia darasa mara moja, na mwalimu mkuu alikuwa amesema asipoandika herufi zote kabla ya kufunga shule, anarudia tena na watoto wa kunyonya. Mtoto mwenyewe aliandika vizuri kabisa. Ila akifika V, anaweka penseli chini.

Nilibembeleza, nikagomba, wapi. Siku moja nikamuuliza polepole, hii V imekukosea nini. Akaniangalia kama anayemwangalia mtu asiyejua kitu. "Hiyo ni ya jirani," akasema. Kumbe jirani yao huchoma ng'ombe wake alama hiyo hiyo, na kwao huweki alama ya mtu kwenye kitu chako. Ukiiweka, hicho kitabu ni chake.

Babake alikuja akamwambia aandike tu, shuleni hakuna ng'ombe. Akakataa. Babake si mwenye alama.

Basi ikabidi jirani mwenyewe aitwe. Alifika kwa bodaboda akitoka kuuza mbuzi sokoni, koti limejaa vumbi, amenuna. "Mwalimu, unafundisha watoto kuniibia ng'ombe?" Msichana akainamisha kichwa kumwamkia, mzee akakigusa, kisha akakaa kwenye kiti cha watoto, magoti yakamfika karibu na kidevu. Hapo ndipo alipocheka. Akamwambia, "Nimekupa. Shika, ni yako pia."

Msichana aliandika V ukurasa mzima, ulimi nje. Mimi nililia mbele ya darasa, sifichi.

Januari akaenda darasa la juu. Nilimkumbuka sana, nikawa napita kwenye dirisha la darasa lao makusudi ili anione. Hakuinua kichwa hata siku moja. Alikuwa anaandika.