Ufalme Ulioachwa kwenye Mvua

Nakiri upumbavu wangu: nilifyatua matofali ya chumba cha dada yangu, anayerudi Juba Jumamosi, kisha nikayaacha yanyeshewe kwa sababu kiti changu kilikuwa kitamu. Asubuhi uwanja mzima ulinuka udongo mbichi, nikachoka hata kabla ya kusimama.

Tulipokuwa watoto ukimbizini Kenya, dada alifinyanga ukoo wa kifalme: mfalme mwenye kitambi, malkia, na ng'ombe wenye pembe za miiba. Ukoo ulitajirika kila siku. Mimi, mpenda kivuli, nikapewa cheo cha mlinzi.

“Ng'ombe wakifika mia, baba atakuja kutuchukua,” aliniambia.

Walipobaki ng'ombe watatu tu kufika mia, alienda kuchota maji, akaniachia zamu. Mvua ilipoanza nilikuwa ndani, nalamba sufuria ya uji. Aliporudi alikuta tope. Hakulia. Aliokota miiba, mmoja mmoja, akauliza, “Mlinzi, ulikuwa wapi?”

Leo nimeinama vilevile, nachambua kwenye tope majani makavu niliyochanganya na udongo wa matofali. Jirani yangu, mama muuza chai, anachungulia juu ya ua.

“Turubai iko hapo mlangoni, na wewe iko ndani na miguu mbili mzima. Sasa dada yako atalala wapi?”