Kovu Dogo Kama Ukucha

Ndugu yangu mdogo ndiye aliyeanza kuniita Jembe. Nilikuwa nimepinda kiunoni kama jembe lilivyopinda kwa mpini wake. Nikiinama nikaegemea baiskeli, nafika hadi soko la Sigalagala bila neno. Nikiiacha baiskeli nisimame kama mwanamume, hatua chache tu miguu inakufa ganzi, natafuta ukuta.

Huo mgongo sikuupata kwa kulala. Nilitoka shule kabla sijajua kugawanya, nikaenda Mumias kupakia miwa kwa bega. Nilipakia mpaka nikanunua trekta yangu. Ndugu yangu alisomeshwa na bega hilo, akawa karani, akastaafu na mgongo umenyooka kama rula. Halafu ananiita Jembe.

Ningemwacha abweke, lakini alikuwa anamtaka fahali wangu. Kwetu asubuhi ya mapigano ya mafahali ngoma za isukuti hulia, vijana huimba, na mwenye fahali hutembea mbele ya pembe zake, wima, bila kugeuka nyuma, mpaka uwanjani. Kamba inaweza kushikwa na yeyote. Ile nafasi ya mbele haiazimwi. Ukimwachia mtu, basi fahali atatajwa kuwa wake.

Siku moja alikuja kwangu, akakaa kwenye kiti changu bila kukaribishwa.

"Jembe, niachie mbele. Fahali hawezi kutanguliwa na mtu anayetafuta sarafu chini."

"Wewe umtangulie fahali? Hata mke wako hakufuatangi sokoni."

"Lakini mimi nasimama. Wewe je?"

Ndipo nikakubali binti yangu anipeleke hospitali, Kisumu. Alikuwa amenibembeleza muda mrefu nami nikimfukuza.

Daktari alikuwa msichana. Alinionyesha picha ya mgongo wangu kama mtu anayeuza kiwanja.

"Mzee, hapa chini njia ya neva imekuwa nyembamba. Mfupa umeota, nyama ngumu imenenepa, vinazibana. Ukiinama njia inapanuka kidogo, ndiyo maana unapata nafuu. Nitatoboa tundu dogo, nipitishe mrija wenye kamera, nikwangue kinachobana."

"Tundu? Gia boksi ya trekta ikiharibika tunaifungua yote, tunapanga vyuma kwa gunia."

"Wewe si trekta."

"Na wewe si fundi."

"Mzee, unataka upasuaji au unataka tugombane?"

"Vyote viwili."

Akanipa vyote viwili. Nilipozinduka nilipapasa mgongo, nikakuta plasta ndogo. Walipoibadilisha, nikamwambia binti yangu apige picha kwa simu. Kwenye simu nikaona kimstari kama ukucha. Nikapaza sauti wodi nzima ikasikia: wamenichanja kama mtoto wa kliniki, wakaniita mgonjwa!

Daktari akaja. Hakujitetea.

"Simama."

"Nisimame na nini?"

"Na miguu yako."

Nikasimama nipate kumwaibisha. Nikangoja ganzi. Nikatembea hadi dirishani, nikangoja tena, nikarudi. Ganzi haikuja. Binti yangu akaanza kulia, nikamwambia anyamaze, hapa si matangani. Daktari naye sikumsifu. Nilimwambia wodi yake ina baridi.

"Usiiname, usiinue, usivute kitu mpaka nikuruhusu," akasema.

"Na kamba ya fahali?"

"Hata ya mbuzi."

Nyumbani wakaja wa kunijulia hali, kuku kwapani. Watu wetu wakija kuona mgonjwa wanataka kidonda. Shangazi yangu, mzee kuliko mimi, alinifunua shati bila kuomba, akatazama, akasonya.

"Hiki? Mimi kwa hiki nimekuja na jogoo?"

Ndugu yangu akacheka mpaka akamwaga chai. "Huyu hakupasuliwa. Alienda Kisumu kula samaki."

Neno hilo lilienea. Asubuhi ya mapigano, vijana wamejaa uani, ngoma zimepashwa moto, ndugu yangu akaja na kamba ya fahali akanitupia kifuani mbele ya watu wote.

"Kama ulipasuliwa na umepona, mshike mwenyewe."

Kamba ikaanguka chini. Kuiokota ni kuinama. Kuishika ni kuvutwa na mnyama mzima. Watu wakaguna. Mikono yangu ilikuwa inawasha kwa kutaka kuishika, nasema ukweli. Nikaiacha hapo kwenye mavi.

"Okota wewe," nikamwambia. "Karani hajawahi kuumwa mgongo."

Nikageuka, nikaenda kusimama mbele ya pembe. Vijana wakaanza kuimba, na wimbo ukishaanza hakuna mtu wa kubishana naye. Nikatembea. Nyuma nilimsikia ndugu yangu akiburutwa, viatu vyake vya ofisi vikikwangua barabara ya murram, akimtukana ng'ombe. Sikugeuka nyuma.

Uwanjani fahali wangu alipigwa vibaya. Alikimbia, akavunja ua, akalala juu ya miwa ya jirani. Mwenye shamba akatoka na panga mkononi, mate yakimtoka.

"Ng'ombe wa nani huyu? Nauliza, wa nani?"

Ndugu yangu, kamba bado mkononi, alininyooshea kidole kabla mtu hajapumua.

"Wa yule pale! Yule mrefu aliyesimama wima!"

"Ni wangu," nikasema.