Spea za Kutoka Uingereza

Kwa wenye mabasi ya zamani waliobaki Malta, Wenzu Ciappara ndiye mtu wa kupigiwa simu basi linapoanza kulalia upande mmoja. Akifika hafungui boneti. Anatandika kipande cha zulia, analala chali, anajisukuma chini ya basi, na kwa muda mrefu kinachoonekana ni viatu vyake tu. Wenye mabasi wamezoea kuzungumza na viatu hivyo.

"Mzee Wenzu, ni bushi?"

"Ingekuwa bushi ningeshatoka huku."

Aliyeuliza siku hiyo ya Aprili ni Marthese Psaila wa Ħaż-Żabbar, mjane aliyeachiwa basi na mumewe na ambaye hulikodisha kwa maharusi. Haikuwa bushi, ile pete ya mpira inayokaa kwenye jicho la springi. Katika springi ya nyuma, upande wa dereva, bamba kubwa linalobeba mengine lilikuwa limekatika karibu na jicho, pale inapopita pini. Springi kama hiyo haitengenezwi tena. Mhunzi wa mwisho aliyejua kuyapinda mabamba hayo na kuyapa ugumu alifariki, na wanawe sasa wanauza madirisha ya alumini.

"Harusi ya kwanza ni Jumamosi ya wiki ijayo," Marthese alisema. "Bibi harusi ni mnene na mama yake ni mnene zaidi."

"Nitamwambia Spiru," vikajibu viatu.

Spiru Mallia na Wenzu walianza udereva pamoja, kila mmoja kwenye basi la baba yake. Spiru ndiye aliyemshika binti wa Wenzu siku ya ubatizo. Serikali ilipoyaondoa mabasi ya zamani barabarani, wengi walichukua fidia yao na kuyaacha mabasi yaende kukatwa. Wenzu alikataa kuliachia basi la baba yake, Nardu, lakini gereji aliyokuwa nayo ilikuwa ya kupanga na mwenye nayo aliitaka. Spiru alikuwa na banda kwenye shamba lake chini ya kijiji cha Siġġiewi. "Lilete," alisema. "Litalala kwangu mpaka ustaafu. Ukistaafu tutaliamsha wote wawili."

Wenzu aliajiriwa kuwa mtunza stoo kwenye kiwanda cha samani, na mabasi ya wenzake akawa anayatengeneza jioni na Jumapili. Angestaafu Oktoba mwaka huo. Mkewe, Ġorġa, alikuwa ameshachoka kusikia rangi atakayolipaka basi la Nardu, na njia atakayoanza nayo, na nani atakaa kiti cha mbele. Miaka ya mwanzo Wenzu alikwenda bandani mara kwa mara, akainua turubai, akagonga mabawa ya magurudumu kwa kiganja. Baadaye Spiru akamwambia paa limeoza, asiingie, lisije likamwangukia. Kisha pakawa na mbwa mkali. Wenzu hakushikilia. Mtu aliyemshika mwanao juu ya maji ya ubatizo humwombi ufunguo ili umkague.

Zaidi ya hayo, Spiru alikuwa na mtu wake Uingereza. Wenzu akihitaji pini, shokapu, hata vile vining'inio vinavyoshika ncha ya springi, alimwambia Spiru, na baada ya wiki mbili tatu kitu kilifika kimefungwa kwenye katoni, kimesafishwa, kimepakwa rangi ya kijivu. Mabasi matano yalikuwa yakitembea kwa spea hizo. Pale klabu ya bendi ya kijiji, wanaume wakinywa chai kwenye glasi, Wenzu aliwahi kusimama akasema bila Spiru mabasi haya yote yangekuwa mabanda ya kuku. Walipiga makofi. Spiru aliinamisha kichwa, na watu wakasema hapendi sifa.

Springi ya Marthese ilifika kwa pikapu siku nne baada ya kuombwa.

"Safari hii mtu wako amekimbia," Wenzu alisema wakiishusha.

"Alikuwa nayo karibu," Spiru akajibu, na hakungoja chai.

Springi iliyokwisha tumika haifungwi kabla ya kufunguliwa. Mabamba hutenganishwa, hutazamwa nyufa, hupakwa grisi, ndipo hurudishwa. Wenzu aliibana kwenye jiriwa, akalegeza sentabolti, yaani bolti inayopita katikati na kuyashika mabamba yote, akaanza kuyanyanyua moja moja. Kwenye bamba la pili alikwangua rangi ya kijivu kuzunguka tundu. Kando ya tundu palikuwa na kovu la kuchomelea, lenye umbo la mwezi mchanga.

Kovu hilo alilisababisha yeye. Alikuwa kijana wa miaka kumi na sita, baba yake alimwachia atoboe tundu hilo kwenye springi ya basi lao, na drili ikamteleza kwa upana wa kucha. Mhunzi alilijaza tundu, akalitoboa jingine pembeni. Nardu hakumpiga. Ila tangu siku hiyo, basi liliporuka shimo na abiria wakalalamika, alikuwa akigeuka na kusema, "Msinilaumu mimi, mlaumuni fundi wangu," na kumnyooshea kidole mbele ya wasichana.

"Ina ufa?" Marthese aliuliza.

"Haina," Wenzu alisema. Akanawa mikono, akasema anakuja.

Alimkuta Spiru mbele ya banda, kati ya vizimba vya ndege, akimenya maharage mabichi. Mbwa alikuwa amelala, mzee, hata hakunyanyua kichwa.

"Nifungulie."

"Kaa kwanza, bwana, chai iko—"

"Nifungulie banda, Spiru."

Spiru hakuuliza kwa nini. Aliweka bakuli chini, akatoa ufunguo.

Paa lilikuwa zima. Ndani palikuwa na trekta, nyavu, makreti ya nyanya, na turubai la basi likiwa limefunika viazi vya mbegu. Ukutani zimeegemezwa springi mbili za mbele. Juu ya rafu, makopo ya rangi ya kijivu.

"Fremu iko wapi?"

"Ilikatwa. Mwaka juzi. Ilikuwa imeliwa na kutu, Wenzu, hata wewe ungeona—"

"Sikuona."

"Mwanzo zilikuwa pini mbili tu. Si unakumbuka, basi la yule wa kisiwa jirani, Gozo, ulivyonilalamikia kwamba pini hazipatikani? Nikasema nitazirudisha, mtu wa Uingereza akipata nyingine. Hakupata."

"Huyo mtu wako yupo?"

Spiru alifikicha ganda la harage lililobaki kidoleni. "Alikuwepo. Alifariki kabla ya kunipatia zile pini."

Wenzu alitembea hadi mwisho wa banda na kurudi, kama mtu anayepima chumba. Sakafuni, pale basi liliposimama, palibaki madoa manne ya grisi.

"Na wewe ndiye ulikuwa unaomba," Spiru alisema, sasa kwa sauti ya juu kidogo. "Spiru nitafutie hiki, Spiru nitafutie kile. Ningekwambia nini?"

"Kwamba hakuna."

"Ungevunjika moyo."

"Nilikushukuru mbele za watu. Nilisimama pale klabuni kama mpumbavu. Nikakununulia bia."

"Nilitaka kulipa mimi, ukakataa."

Wenzu alimtazama mpaka Spiru akahamishia macho yake kwa mbwa.

"Lakini halijafa," Spiru akasema. "Likumbuke hilo. Linatembea. Liko kwa yule wa Gozo, liko kwa—"

"Najua liko wapi. Nimelifunga mwenyewe, kipande kwa kipande, nikakuita ndugu."

"Basi chukua hizo za mbele. Ni zako."

"Najua ni zangu. Shika upande huo."

Springi moja haibebwi na mtu mmoja. Walizibeba wote wawili hadi kwenye gari la Wenzu, moja, kisha nyingine, bila neno ila lile la lazima: shusha, pole pole, kidole. Spiru aliuliza kama binti atakuja Pasaka. Wenzu alifunga mlango.

Springi ya nyuma aliifunga kwenye basi la Marthese jioni ile ile. Hapakuwa tena na fremu ya kuirudishia, na bibi harusi hakuwa amemkosea kitu. Ilikaa sawasawa. Marthese alizunguka basi lake mara mbili, akalisukuma kwa nyonga, likacheza na kutulia.

"Huyu Spiru nimwokee keki?" aliuliza.

Viatu vilijisogeza ndani zaidi. "Ukipenda."

Harusi ilipita, na nyingine nyingi baada yake. Wenzu alistaafu Oktoba kama ilivyopangwa. Kiwandani walimpa saa ya ukutani. Klabuni alihamia meza ya dirishani, na Spiru akawa anakuja siku ambazo Wenzu haji. Springi za mbele Wenzu aliziweka sebuleni, chini ya dirisha, juu ya gazeti, kwa kuwa hakuwa na gereji. Ġorġa alizifunika shuka kwa ajili ya wageni, akamwuliza zitakaa hapo mpaka lini. Alisema zitakaa.

Majira ya baridi Marthese akapiga simu. Basi lilikuwa limeinamisha pua. Amechungulia mwenyewe kwa tochi, mabamba mawili ya mbele yamekatika, na Februari ana kundi la watalii wa Kijerumani.

"Springi za mbele," Wenzu alisema. "Hakuna."

"Hujatafuta bado, Mzee Wenzu."

"Nimetafuta."

"Mwulize Spiru basi, na mtu wake."

"Spiru hana. Hakuna kisiwa kizima, Marthese. Lipumzishe."

Marthese hakuwahi kusikia neno hilo, hakuna, kutoka kwa mtu huyu, na alimwuliza kama ana hakika.

"Nina hakika," Wenzu alisema, akakata simu. Ġorġa alikuwa amesimama mlangoni akipangusa mikono, shuka lililofunika springi likiwa kati yao. Alimtazama mumewe kwa kitambo, akalivuta shuka pembe moja iliyokuwa imefunuka, akarudi jikoni.