Kisu Kimewahi

Mwalimu Felista Machage alikuwa hapatani na nzi hata kidogo. Alitoka Kemambo kuja kufundisha Morotonga mwaka wa sabini na tano, wakati kijiji cha ujamaa kilikuwa bado kipya na watu bado wamenuna kwa kuhamishwa. Mkaguzi wa elimu akaleta kijitabu cha usalama wa chakula, akasema watoto wakisome. Wakisome! Watoto arobaini na wanne, kijitabu kimoja, na nusu yao Kiswahili walikutana nacho mlangoni pa shule. Felista akakifungia kabatini akatoka nao uwanjani.

Huko akawatungia michezo. Mtoto mmoja alikuwa nzi, akatoka mbio chooni kwenda kwenye sahani, na mwenye ungo akajitahidi kuifunika kabla nzi hajatua. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Haukupita muda, akina mama wakaanza kusimulia kisimani kwamba watoto wanafunika vyungu bila kuambiwa. Felista akajisikia kweli, tusimfiche.

Lakini mchezo uliopendwa kuliko yote uliitwa Kisu Kimewahi. Mmoja alikuwa ng'ombe, akaanguka chini akitupa miguu, wenzake wakahesabu hadi kumi. Mchinjaji alikuja mbio kutoka mwisho wa uwanja, mkononi ameshika gunzi la mahindi. Akigusa shingo kabla ya kumi, wote walipiga kelele, "Kisu kimewahi, tunakula!" Akichelewa, basi ng'ombe amekufa mwenyewe: "Kibudu! Tunazika!"

Sasa, sheria hiyo haikutoka kwenye kijitabu. Ilitoka kwa baba yake Felista kule Kemambo, na kwa baba wa baba yake. Ng'ombe akianguka, kisu kikimkuta bado anapumua, nyama ni nyama, nani atupe mali? Kijitabu kilisema asiliwe aliyekufa mwenyewe, wala aliyechinjwa akiwa mgonjwa. Felista alisoma yote mawili akaona ni jambo moja. Hayakuwa jambo moja, jamani.

Mwezi wa tatu, ng'ombe wa mzee Waitara aliamka anatetemeka zizini. Saa nne akaanguka. Waitara alisita, kwa maana damu ilikuwa inamtoka yule mnyama puani, na jambo hilo hakulipenda. Binti yake Wegesa, wa darasa la tatu, akaruka: "Baba, wahi! Mwalimu amesema kisu kikiwahi tunakula!"

Waitara akawahi. Nyama ikagawiwa majirani, nyingine ikaanikwa, na Wegesa akambebea bibi yake maini mikononi.

Siku ya tano Wegesa hakuonekana shuleni. Felista akaenda kwao akamkuta amelala kwenye ngozi, mkono umevimba mpaka kwenye kiwiko, na kidoleni ana kidonda cheusi kama mkaa. Hakuuliza mara mbili. Alimfunga mgongoni na kanga akashika njia ya zahanati, na mama mtu nyuma yake.

Mganga alikitazama kile kidonda mara moja tu. "Kimeta," akasema. "Mmechinja ng'ombe gani?"

Wegesa ndiye aliyejibu, macho yamelegea kwa homa: "Lakini kisu kiliwahi, Mwalimu. Nilihesabu mwenyewe. Nilikuwa sijafika hata nane."

Maneno hayo yalimchoma Felista kuliko fimbo yoyote aliyowahi kuchapwa. Mtoto akaanza sindano za penisilini, na mganga hakuahidi kitu. Akaonya tu kwamba nyama iliyobaki ichomwe moto leo hii hii, na wote walioigusa waje.

Mwalimu mkuu, Nikolaus, alipopata habari alimvuta Felista pembeni. "Sema mtoto alisikia vibaya," akamshauri. "Ukikiri, nani atakusikiliza tena? Hata vyungu vitaachwa wazi."

Na alikuwa na hoja! Felista alilifikiria hilo akiwa amesimama pale pale. Lakini ile nyama ilikuwa inaning'inia kwenye nyumba saba, na watu walikuwa wanaila bila wasiwasi kwa sababu kisu kiliwahi. Asingeweza kuwazuia bila kuivunja sheria yake mwenyewe. Mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii kifo chenyewe kingekuwa cha watoto wa watu.

Akamwomba mwenyekiti wa kijiji apige ngoma ya mkutano. Akasimama mbele ya wazee waliomzidi umri, akasema, "Shikamooni. Mchezo niliufundisha vibaya. Ng'ombe mgonjwa haliwi, hata kisu kikiwahi. Kosa ni langu, si la mtoto." Kisha akalia, wala hakujificha uso.

Mmoja akaangua kicheko. "Mwalimu Kibudu!" akaita, na jina likashika siku hiyo hiyo. Nyumba tano zilitoa nyama ikachomwa. Mbili zilikataa, mpaka Waitara mwenyewe alipokwenda kuidai kwa rungu.

Wegesa alirudi shuleni baada ya wiki tatu, kidole kimekunjamana lakini yuko hai. Jina la Kibudu lilibaki. Felista aliitwa hivyo sokoni na kisimani, hata kanisani, akaitika.

Mwaka uliofuata, asubuhi moja Waitara alikuja shuleni anahema. "Mwalimu, mwingine ameanguka. Kisu ninacho. Sijamgusa."

Felista akamtuma mtu amwite bwana mifugo, akavua viatu, akachukua jembe la shamba la shule. Bwana mifugo alipofika, ng'ombe alikuwa amekwisha kufa; aliwaambia wamfukie na ngozi yake, wasimpasue, shimo limzidi mtu kimo. Kijiji kizima kikaja kutazama. Mtu kuzika ng'ombe! Walicheka mpaka wakakaa chini.

Waitara alisimama ndani ya shimo, jasho na machozi vimechanganyika. "Wananicheka, Mwalimu," akasema.

"Najua," Felista akajibu. "Chimba, baba."